Kijerumani kimenikwama kooni na nina miaka 36, je ni umri?

Swali ni la dada mmoja muuguzi wa Mwanza, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 36, lugha ya nyumbani kwetu Kisukuma. Nilianza Kijerumani mwaka juzi kwa raha sana, A1 na A2, zile ngazi mbili za mwanzo, nilikua nasoma mpaka usiku wa manane nasahau kula. Saivi nipo ngazi ya tatu, B1, na ile raha imekata kabisa. Mtihani nimefanya, Lesen (kusoma) na Schreiben (kuandika) nimepita, Hören (kusikiliza) na Sprechen (kuongea) nimefeli. Mir na mich sijui lini ipi, na maneno nasahau sana. Nikisoma naelewa, nikitaka kuongea mdomo unakua mzito, na wenyewe wakiongea ni kama mvua ya mawe kwenye bati. Darasani wengi ni vijana wa miaka 20 na wananipita. Mwalimu mmoja akaniambia kwa umri huu nitafute kitu kingine. Je ni kweli akili imeshafunga? Na mtihani nirudie wote?"

Marahaba mdogo wangu, na pole na zamu za usiku maana najua unasoma ukitokea huko. Nimelisoma swali lako mara tatu na kila mara naishia pale kwa huyo mwalimu aliyekwambia utafute kitu kingine, imeniuma kweli. Mi nafundisha Kijerumani hapa Dar karibu miaka 30 sasa, nimeshampitisha B2 mama wa miaka 51 aliyekua anauza vitenge Kariakoo, kwa hiyo huo mwiba tuutoe kwanza alafu ndo tuongee.

Mwaka 1978 Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walichapisha utafiti waliofanya Uholanzi, waliwafuatilia watu wanaoongea Kiingereza waliohamia kule na kuanza kujifunza Kiholanzi, kuanzia watoto wa miaka 3 mpaka watu wazima kabisa. Miezi ya mwanzo waliokimbia mbele ni wale wa miaka 12 mpaka 15 pamoja na watu wazima, na waliokua nyuma ya wote ni vile vitoto vya miaka 3 mpaka 5. Watu wengi wakisikia hii wanabisha kwa sababu tumekaririshwa kwamba mtoto ndo anajua lugha haraka. Ni kweli mtoto anakuja kufika mbali, kuna utafiti mwingine wa 2018 wa Hartshorne, Tenenbaum na Pinker walichambua majibu ya watu kama laki 6 na 70 elfu kuhusu sarufi ya Kiingereza, wakaona uwezo wa kuishika sarufi unabaki juu mpaka kama miaka 17 alafu unashuka. Lakini angalia wanachopima pale, wanapima kufika levo ya mzawa, mtu ambaye huwezi kumtofautisha na aliyezaliwa nayo. B1 haikuulizi kama umezaliwa Köln. Inakuuliza kama unaweza kupanga safari na mwenzio, kuelewa tangazo la redio na kueleza jambo ukaeleweka, basi. Mlango wa kuitwa mzawa labda umeshafungwa kwako na kwangu pia, ila huu unaoutaka wewe uko wazi.

Sasa nikwambie ninachokiona mimi, na hiki nimekiona kwa wanafunzi wengi sana mpaka sina shaka nacho. Unajifunza Kijerumani kwa kupitia Kiingereza. Kitabu chako kina maelezo ya Kiingereza, apu kwenye simu ni ya Kiingereza, daftari lako nina hakika upande mmoja umeandika Kijerumani na upande wa pili Kiingereza. Kila neno linatoka Berlin linapita London ndo linafika Mwanza, alafu jibu nalo linarudi njia hiyohiyo. Kwenye kusoma na kuandika hiyo safari unaiweza maana una muda. Kwenye kusikiliza na kuongea muda haupo, na ndo maana umefeli hizo mbili tu. Mtu mwenye akili iliyofunga asingepita Lesen na Schreiben.

Na ubaya mkubwa zaidi ni kwamba Kiingereza ndo mwalimu mbovu kuliko wote kwa hizi shida za Kijerumani. Chukua der, die, das, vile vineno vinavyokaa mbele ya nomino kuonyesha kundi lake. Vitabu vya Kiingereza vinaliongelea hilo jambo kama ugonjwa, ooh nomino zina jinsia, kwa nini meza ni ya kiume, kwa nini taa ni ya kike, na mwanafunzi wa Kitanzania anakaa pale anashangaa na yeye, wakati yeye lugha yake ina ngeli zaidi ya kumi na anazitumia toka hajaota meno vizuri! Kitabu changu kizuri kimepotea. Gari langu zuri limepotea. Funguo zangu nzuri zimepotea. We umebadilisha kila kitu kwenye hizo sentensi, mwanzo, kati na mwisho, bila kufikiria hata sekunde moja. Mjerumani ana makundi 3 tu. We una makundi mengi na huyaogopi.

Jiulize hizo ngeli ulizijua vipi. Kuna mtu alikukalisha na jedwali la KI-VI na LI-YA ukiwa na miaka 3? Ulisikia "kikombe hiki", "kikombe chako", "leta kikombe kile" mara elfu, neno likakaa kichwani na mkia wake, ndo maana mtu akisema "kikombe yangu" unashtuka kabla hata hujajua kwa nini. Kwa hiyo na Kijerumani fanya hivohivo, usiandike kamwe neno Löffel, kijiko, peke yake, andika der Löffel, na usiishie hapo, litumie na mkia wake, mein Löffel, der kleine Löffel, wo ist der Löffel, mpaka sikio lishtuke lenyewe ukisikia die Löffel kwa kijiko kimoja. Kuna na miisho inayokusaidia, maneno ya -ung, -heit, -keit na -schaft karibu yote ni die, ya -chen na -lein za kudogosha yote ni das. Hayo shika, ni zawadi.

Na hapo kwenye -chen nataka nikae kidogo kwa sababu ndo sehemu wanafunzi wanacheka alafu wanakata tamaa. Msichana kwa Kijerumani ni das Mädchen, sio die. Kitabu cha Kiingereza kinakwambia hiki ni kichekesho, Wajerumani wamemfanya msichana kuwa kitu. Hapana. -chen ni kiambishi cha kudogosha, kinafanya jambo liwe dogo, kama sisi tunavofanya na ki-. Mtoto yuko kwenye ngeli ya watu, ila ukimdogosha anakua kitoto, na hapohapo unasema "kitoto hiki kimelala", anahamia kwa kina kikombe na kiti, na hakuna Mswahili amewahi kuuliza kwa nini mtoto kawa kiti. Tena angalia neno kijana, umbo la ki- lakini tunasema "kijana huyu amekuja" kwa sababu tunamuona mtu. Na Wajerumani nao wakishaanza kumwongelea das Mädchen, sentensi mbili mbele utawasikia wameshahamia kwenye sie, yaani yeye wa kike, kwa sababu hiyohiyo. Siku nilipoligundua hili nilikua kwenye tramu Leipzig, Ujerumani, mwaka 1987, nikashuka kituo ambacho si changu kwa furaha. Nilitembea mpaka hosteli nasema kitoto hiki, das Mädchen, kitoto hiki, das Mädchen. Hiyo raha sijawahi kuisahau na nakuombea uipate, maana iko pale imelala inakusubiri kwenye Kiswahili chako.

Dativ, umbo la neno kwa yule anayefanyiwa jambo, ni hivohivo. Umeniandikia kwamba hujui lini mir na lini mich. Kiingereza kina me moja tu, hakiwezi kukujibu. Kiswahili kinaweza, si mia kwa mia ila mara nyingi sana. Angalia vitenzi vya kutendea, mpikie, mwandikie, mletee, mnunulie. Yule anayepikiwa, anayeandikiwa, anayeletewa, ndo Dativ. Ich koche dir Tee, nakupikia chai. Ich schreibe ihm, namwandikia. Sie bringt mir das Wasser, ananiletea maji. Na kinacholetwa chenyewe, maji, hicho ni Akkusativ. Helfen (kusaidia) na danken (kushukuru) vinachukua Dativ bila kuuliza, hivo kariri tu.

Alafu kuna Kisukuma chako, ambacho nina uhakika hakuna mtu darasani amewahi kukwambia ni mali. Kiswahili kina irabu 5. Kisukuma kina 7, na kinatofautisha irabu fupi na ndefu. Watoto wa mjini hapa Dar waliokulia Kiswahili peke yake wanateseka kutofautisha Miete, kodi ya nyumba, na Mitte, katikati, au bieten na bitten, wao wanasikia kitu kimoja. Sikio lako lina hizo i mbili toka utotoni, we ulikua unazitumia kwa bibi yako kijijini, sema hujawahi kuzipeleka darasani kwa sababu ulifundishwa kwamba lugha ya kijijini unaiacha mlangoni. Zipeleke. Kilichobaki kwako ni ü na ö tu, na hizo ni kazi ya midomo, sema i ya kawaida huku midomo umeiviringa kama unapuliza mkaa uwake, imetoka ü. Sema e na midomo ileile, imetoka ö. Fanya mbele ya kioo siku 10.

Wamarekani wana shule ya lugha ya wanadiplomasia wao ambako wanapanga lugha kwa muda wa kujifunza, na wameweka Kijerumani na Kiswahili kapu moja, kama wiki 36 darasani. Hilo linanifurahisha kila nikilikumbuka. Ila hiyo hesabu ni ya mtu anayeanzia Kiingereza. Anayeanzia Kiswahili na Kisukuma njia yake ina vilima vingine na mabonde mengine, na nisikudanganye, kuna sehemu ambapo Kiswahili hakikusaidii na pengine kinakuvuta nyuma kabisa.

Ya kwanza ni shuleni. Sisi tunasema naenda shuleni, nipo shuleni, natoka shuleni, -ni ileile moja, kitenzi ndo kinajua mambo. Mjerumani anataka ujue kama unaelekea au umeshafika, ich gehe in die Schule, ich bin in der Schule. Hapo hatuna pa kushikilia, ukijiuliza kwa Kiswahili utapata jibu moja kwa zote mbili. Dawa ni mikono. Ukiwa unaelekea nyoosha mkono mbele na useme in die, ukiwa umefika weka kiganja chini na useme in der. Wanafunzi wangu wanaona aibu wiki ya kwanza, wiki ya tatu mikono inakumbuka yenyewe.

Ya pili ni kitenzi. Sisi tunapakia kila kitu kwenye neno moja, nitakupigia, humo ndani yuko anayepiga, anayepigiwa, na wakati. Mjerumani anakivunja kitenzi vipande viwili na kimoja anakibeba mpaka mwisho wa sentensi, ich rufe dich morgen nach der Arbeit an, nitakupigia kesho baada ya kazi. Au anakificha chote mwisho baada ya dass (kwamba) na weil (kwa sababu). Ndo maana unasikia mvua ya mawe, kwa sababu we sikio lako linataka kitenzi mapema, kikichelewa unaanza kuhangaika kukitafuta, na ukihangaika unakosa yaliyopita na yanayokuja. Acha kukitafuta. Ni kama konda, anakusanya abiria mmoja mmoja, nani, lini, wapi, na nani, gari likijaa ndo linaondoka. We shika abiria tu, gari litaondoka.

Ya tatu namba, na hii kwa kazi yako si mchezo. Ishirini na moja kwao ni einundzwanzig, moja na ishirini. Presha ya 135 kwa 85 wanaitamka hundertfünfunddreißig zu fünfundachtzig, mia moja, tano na thelathini, kwa tano na themanini. Ukiandika unavosikia, namba inageuka, na kwenye dozi kugeuza namba ni uhai wa mtu. Kila siku dakika 5 fungua kwenye simu matangazo yoyote ya Kijerumani, bei, tarehe, halijoto, sikiliza namba nzima ndo uandike, kalamu isiguse karatasi kabla hajamaliza. Dakika 5 tu, lakini kila siku.

Na ya nne saa. Hii nikupe kisa maana ilinifundisha kuliko kitabu. Leipzig jirani yetu alikua bibi mmoja mjane, mstaafu, akanialika kahawa na keki siku ya Jumapili viertel drei. Mi nikapiga hesabu vizuri kabisa, drei ni tatu, tatu yao ni saa tisa yetu, viertel ni robo, nikafika saa tisa na robo nimevaa shati la pasi. Nikamkuta amekaa kwenye kiti cha jikoni, kahawa imepoa, amevaa vizuri na yeye, uso umenyauka. Alikua ananisubiri toka saa nane na robo. Kule Saxony, jimbo ilipo Leipzig, viertel drei maana yake robo ya saa ya tatu imeshajaa, yaani saa nane na robo, halb drei nusu yake imejaa, saa nane na nusu, dreiviertel drei ni saa tisa kasorobo. Wanaihesabu saa ikiwa bado inajaa, kama ndoo bombani. Nilitamani kulia kwa aibu, na nilikua sina maneno ya kujieleza, nikachukua kalamu nikamchorea saa yetu kwenye ukingo wa gazeti, nikamuonyesha kwamba kwetu jua likishachomoza ndo saa inaanza kuhesabiwa, kwa hiyo saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana. Akaitazama muda mrefu. Akasema, hiyo ndo saa yenye akili. Kuanzia pale nilikua naenda kwake kila Jumapili miaka miwili na nusu, na Kijerumani changu cha kuongea kilitoka jikoni mwake, darasani nilipata karatasi.

Hapo ndo tunakuja kwenye raha iliyokata. Nataka ujue kwa nini imekata ili usijilaumu. Orodha za maneno za Goethe-Institut, taasisi ya Kijerumani yenye huo mtihani, zina kama maneno 650 kwa A1, 1,300 kwa A2 na 2,400 kwa B1, kila moja ikijumlisha na ya chini yake. Ukiwa A1 kila neno ni mlango, unajifunza "nataka" na "wapi" na "kiasi gani" jioni, asubuhi unaona dunia imefunguka. B1 unaongeza maneno mapya kama 1,100, mengi kuliko yote ya A1, ila kila moja linafungua kidirisha kidogo tu, neno la "mkataba wa upangaji" unalitumia mara moja kwa mwezi. Kazi imeongezeka, malipo ya haraka yamepungua. Kila mtu anapita hapo, na hao vijana wa miaka 20 pia wanapita, sema wao hawana zamu ya usiku.

Na unasahau, umesema unasahau sana. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani, alijifanyia majaribio mwenyewe akikariri silabi zisizo na maana na mwaka 1885 akachapisha alichokiona, kwamba kusahau kunakimbia sana saa na siku za kwanza alafu kunapunguza mwendo, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashinda kurudia kwa mkupuo. Kwa hiyo ile tabia yako ya A2 ya kukesha mpaka usiku wa manane iache, ilikua raha lakini B1 haiibebi. Nunua manila, kata vikadi, tafuta boksi la viatu uligawe vyumba vitano. Kadi mpya chumba cha kwanza kila siku, ukiijua inasogea, chumba cha pili kila baada ya siku 2, cha tatu siku 4 au 5, hivo hivo mpaka cha mwisho mara moja kwa mwezi. Ukikosea inarudi chumba cha kwanza bila huruma. Huo mtindo aliueneza Sebastian Leitner mwaka 1972 na apu nyingi za kadi zimeuiga huo. Mi napenda karatasi, unaweza kuweka kadi 10 mfukoni mwa yunifomu. Ila sharti langu ni moja, upande wa pili wa kadi usiandike Kiingereza. Andika Kiswahili, au Kisukuma, au chora. Handschuh, glavu, chora mkono umevaa kiatu, maana ndo wanavosema, kiatu cha mkono. Krankenhaus, nyumba ya wagonjwa. Blutdruck, msukumo wa damu. Sisi kichwa cha jambo tunakiweka mbele, nyumba ya wagonjwa, wao wanakiweka mkiani, kwa hiyo neno refu lisome kuanzia nyuma, na hilo neno la mwisho ndo linaamua der, die au das ya mkokoteni wote. Das Haus, basi das Krankenhaus. Haya maneno marefu yanawatisha watu, mi naona ni kama kufungua chakula kwenye jani la mgomba, unafunua kidogo kidogo.

Furahia na vile vidogo ulivokua unajua bila kujua. Shule ni Schule. Hela ni Heller, enzi za ukoloni wao hapa kuanzia 1904 rupia moja ilikua na heller 100, wakaondoka, sarafu ikafa, jina likabaki mdomoni mwetu. Kila ukisema "sina hela" kuna Kijerumani kidogo hapo.

Kusikiliza sasa. DW, redio ya Ujerumani, wana idhaa ya Kiswahili toka 1963, na upande wa Kijerumani wana habari zinazosomwa polepole kwa wanaojifunza, karibu kila siku, bure, na maandishi yake yapo. Kwanza sikiliza au soma habari za siku kwa Kiswahili ili ujue nini kimetokea duniani. Alafu sikiliza ile ya polepole kwa Kijerumani bila kuangalia maandishi. Kwa sababu habari unaijua, sikio halitafuti maana, linatafuta sauti tu, na hicho ndo kinachokukosesha. Mara ya pili na maandishi. Mara ya tatu sema pamoja na msomaji, nusu sekunde nyuma yake, hata kama huelewi kila neno, mdomo ukimbie. Jirekodi. Siku ya kwanza utasikia unaongeza vokali mwisho wa kila neno, sisi wote tunafanya hivo, silabi zetu zinaisha wazi, wao wanamaliza na rundo la konsonanti kama Herbst au Strumpf. Anzia nyuma, st, bst, erbst, Herbst. Dakika 20 kwa siku zinatosha, bando halitaisha.

Kuongea, usisubiri upate Mjerumani. Wodini unafanya kazi ileile kila siku, isimulie kimoyomoyo, ich messe den Blutdruck, ich wechsle den Verband, die Patientin hat Schmerzen, yaani napima presha, nabadilisha bandeji, mgonjwa ana maumivu. Ukikwama neno, andika kwenye kiganja kwa Kiswahili, jioni linakua kadi. Usikwame mdomo wazi kutafuta neno, lizunguke, hujui mkasi sema kile kitu cha kukatia, hiyo ni lugha halali na mtahini anaipa alama. Sehemu ya kwanza ya Sprechen ya B1 ni kupanga jambo na mwenzio, na we umekaa vikao vingapi vya harusi mdogo wangu, nani ataleta nini, saa ngapi, ukumbi gani, nani hakubaliani na nani. Tafuta mwenzio mmoja mliofeli pamoja, pangeni harusi kwa Kijerumani kila Jumamosi kwa simu, leo chakula, wiki ijayo usafiri. Hilo ndo zoezi lenyewe la mtihani.

Kuna kitu kimoja nataka nikuandae nacho mapema kwa sababu we ni muuguzi na kitakuumiza. Kijerumani hakina pole. Mgonjwa ukimuaga unamwambia gute Besserung, aliyefiwa unampa mein Beileid, ukikosea unasema es tut mir leid, lakini ile pole yetu ya mtu aliyejikwaa barabarani, pole ya kazi, pole ya safari, pole ya kumgusa mtu bega tu, haipo. Yule bibi wangu wa Leipzig alifiwa na dada yake, nikafika jikoni Jumapili nikasema es tut mir leid, na sauti yangu ikasikika kana kwamba mimi ndo nimemkosea. Nikaona haitoshi. Nikamwambia pole, kwa Kiswahili, pole sana. Akaniuliza maana yake nikashindwa, nikamwambia ni neno la kumbebea mtu upande mmoja wa mzigo. Akalirudia. Miezi iliyofuata nikiwa na mafua, au nimepigwa na mtihani, alikua ananifungulia mlango na kusema "pole", na e yake ya mwisho kali kweli. Kwa hiyo utakapokwama huko mbele kwenye wodi ya kigeni na mgonjwa ana maumivu, usiogope kuliacha likutoke. Alafu weka Sie, ile wewe ya heshima, kwa wagonjwa wote watu wazima, hasa wazee, usiwaite du, wewe ya marafiki na watoto, hapo malezi yako ya shikamoo yatakuongoza vizuri.

Mtihani, usirudie wote. B1 ya Goethe ina moduli 4 na kila moja inasimama peke yake, alama 100, unatakiwa 60. Lesen na Schreiben ni zako tayari, zitunze hizo karatasi vizuri. Rudia Hören na Sprechen tu, na usikimbilie tarehe ya karibu, jipe miezi 3 ya hizi dakika 20 na boksi la kadi. Kwa kutambuliwa cheti chako cha uuguzi kule kwa kawaida watakudai B2, hivo msingi huu wa masikio na mdomo ukiujenga sasa hautaujenga tena. Na ukiona tangazo la kazi limeandika Pflegefachfrau, muuguzi, ujue ni wewe, Krankenschwester ni jina la zamani, toka 2020 wanaosomea wanapewa hilo jipya.

Manila inauzwa kila stationari hapo mjini. Kata kadi 10 ukitoka zamu, za kwanza ziwe vitu vilivyo kwenye troli yako ya dawa, na der, die, das yake kila kimoja. Ukipangiwa tarehe ya mtihani niandikie, ila barua hiyo iwe ya Kijerumani na makosa yake yote, usimpe mtu aisahihishe, nataka kukusikia wewe.